Ukirukwa kwenye foleni ya kazualti, mlaumu huyu Mfaransa

Hebu fikiria. Ni saa nane usiku, umekaa kwenye benchi la kazualti hapa Eastlands, mkono umevimba kwa sababu ulianguka ukishuka mathree. Nesi amekupima presha, amekuuliza maswali mawili matatu, amekuambia ungoje. Mara anaingia mama amembeba mtoto anayepumua kwa shida. Anapita. Dakika chache baadaye wanaletwa wasee wawili wa boda waliogongwa Outering. Nao wanapita. Wewe bado uko hapo, na unaanza kujiuliza nani ametoa kitu kidogo.

Mimi ndiye nilikuwa huyo msee wa mkono, na nililalamika hadi nikaonewa aibu. Nesi alinieleza polepole kwamba hapo foleni haifuati saa ya kufika, inafuata nani anaweza kufa kwanza. Nilitoka asubuhi na plasta mkononi na swali moja: nani aliamua mambo yaende hivi? Nilipotafuta nikampata Dominique Jean Larrey.

Huyu jamaa alizaliwa Julai 8, 1766 katika kijiji cha Beaudéan, kwenye milima ya kusini mwa Ufaransa. Usidhani alikuwa mtoto wa sonko. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, na alifariki mapema. Akiwa na miaka 13, Larrey akaenda kuishi Toulouse kwa ami yake, Alexis, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Kazi aliijulia hapo. Baadaye akaelekea Paris, akahudumu kiasi kwenye meli ya kivita, na kufikia 1792 alikuwa na jeshi la Ufaransa kando ya mto Rhine, vita vimechacha.

Alichokiona huko kilimuudhi. Magari ya kubeba majeruhi yaliwekwa kilomita kadhaa nyuma ya jeshi, na hayakusogea mpaka mapigano yaishe. Ukipigwa risasi asubuhi, unalala hapo kwenye matope mchana kutwa, pengine hadi kesho yake. Na yakifika, mwenye cheo ndiye aliyeangaliwa kwanza. Askari wa kawaida alijijua.

Sasa Larrey alikuwa ameona jinsi farasi walivyovuta mizinga mbio mbio kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Akajiuliza: ikiwa mzinga unaweza kukimbizwa hivyo, mbona si mgonjwa? Akatengeneza vigari vyepesi, vingine vya magurudumu mawili na farasi wawili, vikaingia kuchukua watu risasi zikiendelea kulia. Viliitwa ambulensi za kuruka. Jeshi lilipoenda Misri 1798, barabara za vigari hazikuwepo, basi akafunga vikapu vikubwa kwenye mbavu za ngamia, majeruhi wakabebwa humo.

Lakini kitu chake kikubwa kilikuwa kanuni. Aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo wala taifa. Jenerali mwenye kidonda kidogo angoje. Adui anayevuja damu nyingi apite. Leo kazi hiyo inaitwa triaji, neno lililotoka kwa kitenzi cha Kifaransa cha kuchambua, kama unavyochambua sufu au kahawa. Kama una shosh aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, muulize, atakuonyesha triaji kwa vidole.

Na hakuwa mtu wa kuogopa wakubwa. Mwaka 1809, jeshi lilikwama kwenye kisiwa cha Lobau kwenye mto Danube, majeruhi ni wengi na chakula hakuna. Larrey akachinja farasi wa maafisa, akawapikia wagonjwa supu ndani ya vyuma vya kifuani vya askari wapanda farasi. Wenye farasi wakaenda kumshtaki kwa Napoleon. Napoleon akasimama na daktari.

Mwaka 1813 mambo yalikuwa mazito zaidi. Vijana wengi wapya jeshini walikuwa na majeraha ya vidole na mikono, na wakubwa wakadai wamejipiga wenyewe ili warudishwe nyumbani. Adhabu ilikuwa kifo. Larrey akakataa kuhukumu kwa kukisia. Akawakagua zaidi ya 2,000, mmoja mmoja, akaonyesha kwamba wengi waliumizwa na wenzao wasio na uzoefu, waliokuwa wakifyatua bunduki kutoka safu ya nyuma. Hakuna aliyeuawa. Buda alijua kwamba mgonjwa hukaguliwa kwanza, maneno mengine baadaye.

Wema huo ulimrudia. Alipotekwa na Waprusia baada ya vita vya Waterloo, 1815, nusura apigwe risasi. Daktari mmoja wa upande ule akamtambua, akapelekwa kwa jemadari Blücher, ambaye mwanawe aliwahi kutibiwa na Larrey akiwa mateka. Akaachiliwa. Alifariki Julai 25, 1842 mjini Lyon, akiwa na miaka 76, njiani kurudi kutoka Algeria alikoenda kukagua hospitali za jeshi.

Turudi kwenye benchi letu. Yale maswali mawili matatu ya nesi si ya kupoteza wakati. Anahesabu pumzi zako, anashika mapigo ya moyo, anapima joto na presha, anaangalia kama unatembea na kama unajielewa ukiongea. Katika mfumo mmoja uliobuniwa Afrika Kusini na kutumika katika nchi nyingi, unapewa rangi. Nyekundu ni sasa hivi. Rangi ya chungwa ni ndani ya dakika 10. Njano, ndani ya saa moja. Kijani, hadi saa nne. Mkono wangu ulikuwa kijani, na kijani si dharau. Ni habari njema, japo haifanani nayo ukiwa na maumivu.

Noma ni kwamba kanuni ya Larrey bado inavunjwa, na anayeivunja mara nyingi ni pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari hapa Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18, akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine. Alifariki. Zaidi ya miaka 200 baada ya vile vigari vya farasi, gari lilikuwepo na sheria ilikuwepo.

Kwa hivyo ukirukwa na anayehema, nyamaza, mpishe. Lakini ukiona anarukwa kwa sababu hana deposit, hapo sasa ongea, kwa sababu hiyo ni haki yake na siku moja itakuwa yako. Na ukiwa kijani halafu uanze kuhisi kizunguzungu au kukosa pumzi, usikae kimya kwenye benchi. Mwambie nesi akupime tena. Rangi hubadilika.