Jackie Robinson na Nauli ya Ndege ya Wanafunzi Wetu

Mchezo wa besiboli mimi siujui. Nimelelewa katika kandanda, na hata leo ukiniuliza mtu hushindaje kwa kuupiga mpira rungu kisha akatimua mbio, nitakujibu kwa kubahatisha tu. Marehemu Jackie Robinson nilimjua kwa mlango mwingine, nao ni ile ndege iliyotoka Nairobi mwezi wa Septemba 1959 na vijana 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Marehemu Tom Mboya twamkumbuka kwa jambo hilo, na ni haki yake. Lakini nauli ya ndege haikushuka kutoka mbinguni.

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika jimbo la Georgia, mjukuu wa mtumwa. Baba yake aliiacha nyumba mtoto angali mchanga. Mama akawachukua watoto wake watano mpaka California, akawalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1944, akiwa luteni jeshini, aliamriwa kuhamia viti vya nyuma vya basi kwa kuwa ni Mweusi. Akakataa, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akaonekana hana hatia. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na ukuta uliokuwa ukiwazuia Weusi katika ligi kuu tangu karne ya 19 ukabomoka. Matusi aliyapata, na barua za kutishiwa maisha pia. Alivumilia, na mwaka 1955 timu yake ikalitwaa kombe. Hayo wapenzi wa michezo wameyaandika sana, nami nayapita.

Yanishikayo mimi ni yaliyofuata. Alistaafu Januari 1957, akapewa cheo kikubwa katika kampuni ya kahawa na mikahawa mjini New York. Angaliweza kukaa kitako akala jasho lake. Badala yake, mwaka ule ule alikubali kuongoza mchango wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akazunguka mji baada ya mji akihutubia na kuomba. Na kuomba, ndugu msomaji, si kazi nyepesi kwa mtu aliyezoea kushangiliwa. Wale wanaosimama baada ya sala ya Ijumaa kuchangia madrasa au mazishi ya maskini wataelewa ninalolisema.

Mboya alipofika Marekani mwaka 1959 alipata nafasi nyingi katika vyuo. Ada ilisamehewa wengi, ila usafiri haukuwa na mwenyewe. Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji filamu Sidney Poitier, wakatia sahihi zao katika barua ya kuwaomba wananchi wachangie. Fedha zikaja, nyingi zikiwa kidogo kidogo kutoka kwa watu wa kawaida, na ndege ikakodiwa.

Mwaka wa pili mambo yalitaka kuharibika. Wanafunzi walikuwa wengi zaidi, na serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kulipa. Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Nixon katika uchaguzi wa 1960, alimsukuma Nixon aibane serikali. Serikali ikalegea, ikaahidi dola 100,000. Lakini Mboya alikuwa amekwisha kumwendea Kennedy, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa kiasi hicho hicho. Pande mbili zikagombania sifa. Kwa maoni yangu Robinson alikosea kumwamini mno Nixon, na yeye mwenyewe baadaye alimwacha. Hata hivyo vijana waliruka, na miongoni mwao alikuwamo marehemu Wangari Maathai.

Makanisa ya Weusi yalipochomwa moto Georgia mwaka 1962, aliongoza mchango wa kuyajenga tena. Mwaka uliofuata, yeye na mkewe Rachel waliifungua bustani ya nyumba yao huko Connecticut, wakaalika wanamuziki wa jazi, watu wakalipa kiingilio. Najua wako wasomaji watakaokunja uso kwa kusikia habari za muziki, nami siwalaumu. Ila fedha zile zilikuwa za dhamana, kuwatoa wafuasi wa Martin Luther King waliokuwa wamefungwa kwa kudai haki.

Pigo kubwa lilimjia Juni 1971. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa mtumwa wa dawa za kulevya. Alitibiwa katika kituo kiitwacho Daytop, akapona, akabaki pale kuwasaidia wengine. Akafa katika ajali ya gari, kijana wa miaka 24. Tamasha la mwaka ule lilikuwa limekwisha kupangwa, na mchango ulikuwa ni wa kituo hicho hicho. Siku kumi baada ya msiba, wazazi walisimama katika bustani yao wakawapokea wageni.

Robinson alikuwa tayari amedhoofishwa na ugonjwa wa sukari, macho karibu yamefumba. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, umri wake miaka 53. Rachel alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana mwaka 1973. Mwana mwingine, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980, akalima kahawa kule nyanda za juu kusini.