Mahabusu wa Takwa

Kila nizurupo Shela huketi ufuoni alasiri nikaitazama Manda, ng'ambo ya mkondo. Wenyeji huvuka mkondo huo kwenda Takwa kuomba dua penye kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, kwa kuwa husimuliwa kwamba mababu zao walitoka katika mji ule uliogeuka mahame. Siku moja niliwaeleza wanafunzi wa hapa kwamba Takwa ina kisa kingine, cha Pio Gama Pinto. Mmoja akaniuliza iwapo mtu huyo alikuwa Mkenya kweli. Makala haya ni jibu langu kwake.

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walikuwa Wagoa, watu wa koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya India. Alipelekwa India kusoma angali mtoto, na huko akaionja siasa: alishiriki mgomo wa wafanyakazi mjini Bombay, kisha akaingia katika harakati za kuikomboa Goa. Alipoona kwamba Wareno watamtia mbaroni, alirejea Kenya mwaka 1949.

Nairobi alijitosa katika vyama vya wafanyakazi na uandishi wa magazeti. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliwasaidia wapiganaji wa Mau Mau kwa siri na kuwatafutia mawakili walioshtakiwa. Juni 1954, miezi michache tu baada ya harusi yake, alikamatwa na kuletwa Manda, katika kambi ya Takwa. Humo waliwekwa wale ambao serikali iliwaona sugu, akiwemo Achieng Oneko. Alikaa kisiwani hadi mwanzoni mwa 1958, kisha akawekewa mipaka Kabarnet hadi 1959.

Wakoloni walichagua kisiwa wakidhani kwamba bahari hutenga watu. Mswahili wa Shela angaliwaambia kuwa bahari ni njia. Na maisha ya Pinto baada ya kifungo yalithibitisha hivyo. Mwaka 1960 alianzisha gazeti la Sauti ya KANU, na baadaye, kwa msaada uliotoka India ya Nehru, kampuni ya magazeti ya Pan African Press. Goa ilitoka mikononi mwa Wareno mwaka 1961, nayo Kenya ikapata uhuru 1963. Wengi walitua mzigo; yeye akawasaidia wapiganaji wa Msumbiji, maana mtawala wao alikuwa yule yule aliyeikalia Goa. Mwaka 1964 aliingia Bunge, na akawa miongoni mwa waasisi wa Chuo cha Lumumba, kilichopewa jina la shujaa wa Kongo.

Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi langoni pa nyumba yake Nairobi, binti yake akiwa garini. Alikuwa na umri wa miaka 37. Siku tatu kabla, Malcolm X, aliyekuwa amekutana naye Nairobi mwaka uliotangulia, aliuawa New York. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji ya Pinto, akaachiliwa mwaka 2001. Waliopanga hawajafikishwa mahakamani.

Mimi ni mtu wa isimu, basi naomba niseme juu ya neno. Uhuru lina mzizi wa Kiarabu, nalo lilifika kwetu kwa njia ya bahari. Hapo kale lilihusu hali ya mtu asiye mtumwa. Karne ya 20 ikalipanua hata likabeba nchi nzima. Neno hili halikuulizwa asili yake lilipokuwa likiimbwa viwanjani. Mbona basi tumwulize Pinto? Na mbona kijana wa Pwani aulizwe babu yake alitoka wapi aombapo kitambulisho?

Ndugu walimu, vitabu vyetu hufundisha ukombozi nchi baada ya nchi, kana kwamba kila moja ilijikomboa peke yake. Wavusheni wanafunzi hadi Takwa. Baada ya dua kaburini, wasimulieni habari za mahabusu yule. Alikuwa Mkenya, mwanangu, na Ukenya wake aliulipia mara mbili.