Moshoeshoe na Baraza la Mlimani

Lesotho ni nchi ndogo ya milima. Imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Aliyeiunda ni Mfalme Moshoeshoe. Jina hili husomwa Moshweshwe. Alizaliwa karibu na mwaka 1786.

Wakati wa ujana wake vita na njaa viliharibu nchi. Watu walinyang'anyana ng'ombe na chakula. Mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake juu ya mlima wa Thaba Bosiu. Huko juu ni tambarare, na kuna chemchemi za maji. Maadui walishindwa kuupanda.

Wakimbizi wa makabila mengi walimfuata. Aliwapa mahali pa kulima, akawaazima ng'ombe. Maziwa yalikuwa yao, lakini ng'ombe walibaki kuwa mali ya mfalme.

Watu wengi wakikaa pamoja, ugomvi haukosekani. Huyu amevuka mpaka wa shamba. Ng'ombe wa yule wamekula mtama wa jirani. Basi shauri lilipelekwa kwa mkuu wa kijiji, barazani. Mlalamikaji alieleza, mwenzake akajibu. Mwanamume yeyote aliyekuwapo aliweza kuuliza swali. Mkuu alisikiliza wote, akasema mwisho. Asiyeridhika alikwenda kwa chifu, na baadaye kwa mfalme mwenyewe. Aliyeshindwa alilipa ng'ombe. Wanawake walisemewa na ndugu zao wa kiume, na hiyo ilikuwa kasoro.

Shauri moja lilikuwa zito sana. Wakati wa njaa watu fulani walikula watu, na walimla Peete, babu yake Moshoeshoe. Walipokamatwa, wengi walitaka wauawe. Mfalme alikataa. Aliwasamehe, akawapa ng'ombe na mahali pa kukaa wakalime. Je, wewe ungeweza?

Ardhi haikuuzwa. Ilikuwa ya Wasotho wote, na mtu alipewa shamba ili alitumie. Mwaka 1859 Moshoeshoe alitoa amri kwa wafanyabiashara wa Kizungu. Mfanyabiashara aliyepewa mahali pa kuweka duka asidhani kwamba mahali hapo ni mali yake.

Makaburu hawakukubali desturi hiyo. Moshoeshoe aliwaruhusu kuchunga kwa muda tu, lakini wao walidai ardhi iwe yao. Mwaka 1849 ofisa wa Kiingereza alichora mpaka uliomega nchi ya Wasotho. Shauri hili halikuwa na baraza ambalo pande zote mbili zingelitii. Vita vikatokea mwaka 1858, na tena mwaka 1865. Makaburu waliharibu mazao, lakini Thaba Bosiu hawakuiteka.

Moshoeshoe alikuwa mzee sasa, na watu wake walikuwa na njaa. Aliomba ulinzi wa Waingereza, akaupata mwaka 1868. Lakini mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Caledon yalibaki kwa Makaburu.

Alikufa tarehe 11 Machi, 1870, akazikwa juu ya mlima wake. Lesotho ilipata uhuru mwaka 1966. Mashamba ya ng'ambo ya mto hayakurudi.