Mshairi Norwid na Swali la Mwalimu Wake

Wataalamu wanaosoma maandiko ya Cyprian Norwid, mshairi Mkatoliki wa Polandi, wamejiuliza kama mawazo yake hakuyapata kwa Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark. Swali hilo si dogo. Kierkegaard alikuwa Mlutheri aliyekufa akigombana na wachungaji wa kanisa lake. Norwid alifia katika nyumba ya masista. Ikiwa huyu alikuwa mwanafunzi wa yule, basi mashairi yake hatuna budi kuyasoma kwa jicho jingine. Yafaa basi tuyatazame kwanza maisha yake.

Norwid alizaliwa tarehe 24 Septemba 1821 katika kijiji cha Laskowo-Głuchy, si mbali na Warsaw. Taifa lake halikuwa na uhuru, kwa maana tangu mwaka 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimekwisha kuigawana nchi yote. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo, na baba yake akamfuata mwaka 1835. Shule hakuimaliza. Alijifunza uchoraji, na mwaka 1842 akaondoka kwenda Ujerumani na Italia ili kujifunza kuchonga sanamu. Warsaw hakuiona tena. Huko Roma, mwaka 1845, alipokea Sakramenti ya Kipaimara akachagua jina la Kamil.

Mwaka uliofuata alikuwa Berlin, na humo ndimo wanamotafuta dalili wale wanaomdhania kuwa mwanafunzi wa Kierkegaard. Maana Kierkegaard naye aliupenda mji huo. Alikwenda huko mwaka 1841 kusikiliza mafundisho ya Schelling, akarudi mara nyingine, na mwezi wa Mei 1846 alikuwamo tena kwa siku chache. Watu wawili katika mji mmoja, mwaka mmoja! Lakini kupita njia moja si kujuana. Mdenmark alikuwa msafiri mwenye fedha za urithi. Mpolandi alikuwa mkimbizi, na mwaka huo huo serikali ya Prussia ikamtia gerezani. Alipotoka afya yake ilikuwa imeharibika, na baadaye akawa kiziwi.

Tena kuna jambo la lugha. Kierkegaard aliandika kwa Kidenmark, lugha ambayo wakati ule wachache sana waliisoma nje ya nchi za kaskazini. Tafsiri za Kijerumani zilianza kuonekana baada ya mwaka 1860, naye mwenyewe amekwisha kufa. Lakini shairi la Norwid juu ya Sokrate, ambamo anauonyesha ulimwengu ukiwatesa wakuu wake wakiwa hai na kuwajengea sanamu wakiisha kufa, ni la mwaka 1856. Mtu hawezi kukinywea kisima ambacho bado hakijachimbwa.

Hata hivyo kufanana kwao hakukataliki. Kierkegaard naye alianza kwa Sokrate: kitabu alichoandika mwaka 1841 ili apate shahada kilihusu kinaya, yaani desturi ya mzee yule wa Athens ya kusema jambo huku akikusudia jingine. Norwid ana shairi lenye jina hilo hilo la Kinaya. Kierkegaard alitunga kitabu juu ya Ibrahimu na kafara ya mwanawe, akakitoa kwa jina la bandia linalomaanisha Yohane wa ukimya. Norwid katika uzee wake aliandika makala nzima juu ya ukimya, na jinsi yale yasiyosemwa yanavyotenda kazi ndani ya yale yanayosemwa. Wote wawili walichukizwa na karne iliyoabudu magazeti na umati. Wote wawili walipenda mwanamke mmoja wasimwoe, ingawa Regine Olsen aliachwa na mchumba wake, na Maria Kalergis hakumtaka kamwe yule mshairi maskini.

Mimi naona kwamba walifanana kwa kuwa walisoma Injili moja na kuutazama ugonjwa mmoja: Ukristo uliogeuka kuwa mazoea ya watu wenye heshima. Lakini dawa waliyoitafuta haikuwa moja. Kierkegaard aliona njia moja tu, mtu peke yake mbele ya Mungu. Askofu Mynster alipofariki mwaka 1854 akasifiwa kuwa shahidi wa kweli, hakuweza kunyamaza. Alilishambulia kanisa la serikali ya Denmark kwa gazeti alilolitoa kwa fedha zake, mpaka akaanguka njiani mwezi wa Oktoba 1855. Hospitalini alikataa kupokea Komunyo mkononi mwa mchungaji anayelipwa na mfalme. Alikufa tarehe 11 Novemba, mwenye umri wa miaka 42. Ukali huo una ukweli ndani yake, na hakuna Mkatoliki anayepaswa kuucheka. Lakini ni ukweli wa mtu aliyebaki bila ndugu.

Norwid alikuwa na sababu nyingi za kufuata njia hiyo. Wenzake walimwona mgumu kueleweka, wachapaji wakamkataa. Mwaka 1848 huko Roma hakukubaliana na Mickiewicz, mshairi mkuu wa taifa lake, akashikamana na Papa Pio IX, nalo jambo hilo halikumwongezea marafiki. Kwa ufukara alivuka bahari mwishoni mwa 1852, akafanya kazi ya kuchora huko New York, akarudi Ulaya mwaka 1854. Lakini fikira zake ziliendelea kuwaelekea wengine: mfanyakazi, taifa, Kanisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1851 alifundisha kwamba uzuri upo ili mtu avutwe kufanya kazi, na kazi ipo ili afufuke. Na mwaka 1859, John Brown, mzungu wa Marekani aliyeshika silaha ili awakomboe watumwa weusi, alipohukumiwa kunyongwa, mshairi huyu asiye na nchi alimtungia shairi kutoka Paris. Mtu anayejali roho yake peke yake hawezi kuandika hivyo.

Mkusanyo wake mkubwa wa mashairi, Vade-mecum, ulikuwa tayari karibu na mwaka 1866, lakini haukuchapwa akiwa hai. Mwaka 1877 alipokewa katika nyumba ya Mtakatifu Kasimiri, kandokando ya Paris, ambamo masista walitunza Wapolandi wazee na yatima. Humo alifariki tarehe 23 Mei 1883. Miaka mitano baadaye mifupa yake ilihamishiwa Montmorency na kutiwa katika kaburi la pamoja.

Zenon Przesmycki, mhariri wa gazeti la fasihi huko Warsaw, ndiye aliyeyakusanya maandiko yake na kuanza kuyachapa mwaka 1901. Miaka 100 baadaye, mwezi wa Septemba 2001, udongo wa kaburi lile la pamoja ulipelekwa Krakow ukawekwa katika kanisa kuu la Wawel, wanamolala wafalme wa Polandi. Wakati huo Baba Mtakatifu alikuwa Yohane Paulo II, Mpolandi, aliyekuwa msomaji wa Norwid tangu ujana wake.