John Bunyan: Mfungwa Aliyetuandikia Safari

Katika fasihi za mataifa mengi, safari si mwendo wa miguu peke yake. Mtu huondoka kwao, huvuka mito na kupanda milima, na afikapo mwisho wa njia msomaji hutambua kwamba kilichosafiri zaidi ni moyo wake. Lakini ni ajabu kwamba mojawapo ya hadithi za safari zilizosomwa sana duniani ilitungwa na mtu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda atakako. Mtu huyo ni John Bunyan, Mwingereza, fundi wa kuziba sufuria, aliyefungwa gerezani kwa muda wa miaka 12. Wasomaji wa Kiswahili wamekijua kitabu chake tangu karne ya 19, na wengi wamekisoma bila kujua kwamba nyuma yake pana nyumba iliyobaki bila baba.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya shaba na kuziba sufuria na birika zilizotoboka. John alisoma shule kidogo, kiasi cha kujua kusoma na kuandika, kisha akaishika kazi ya baba yake. Fundi wa namna hiyo hakuwangoja wateja dukani, bali aliwafuata kijiji kwa kijiji, akiwa amebeba zana zake. Fuawe yenye jina lake na mwaka 1647 imehifadhiwa mpaka leo huko Bedford, nayo ni chuma kizito kweli. Kwa hiyo, kabla hajaandika habari za mtu aliyeelemewa na mzigo mgongoni, Bunyan mwenyewe alikwisha kujua uzito wa mzigo, tope la masika, na njia panda isiyo na mtu wa kumwuliza.

Mwaka 1644 msiba uliingia nyumbani. Mama yake alifariki mwezi Juni, na dada yake akafuata mwezi uliofuata. Haikupita miezi mingi baba yake akaoa mke mwingine. Mwaka huo huo John, kijana wa miaka 16, akaingia jeshini upande wa Bunge, ambalo wakati ule lilikuwa vitani na Mfalme Charles wa Kwanza. Baadaye alisimulia kwamba siku moja alichaguliwa kwenda kuuzingira mji fulani, lakini mwenzake akaomba kwenda mahali pake. Mwenzake huyo akapigwa risasi kichwani akafa. Bunyan hakuisahau habari hiyo. Alibaki akijiuliza maisha yake yamesazwa kwa ajili gani.

Baada ya vita alioa. Jina la mke wake wa kwanza halimo katika kumbukumbu zilizosalia. Twajua tu kwamba walikuwa maskini hata vyombo vya nyumbani hawakuwa navyo vya kutosha, na kwamba bibi huyo alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu mwaka 1650. Kisha wakafuata Elizabeth, John na Thomas.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya ndani. Ujana wake Bunyan alipenda kucheza ngoma, kupiga kengele za kanisa na michezo ya uwanjani siku za Jumapili. Siku moja, katikati ya mchezo, alihisi kama kwamba ameulizwa iwapo ataziacha dhambi zake au ataangamia nazo. Alianza kuacha jambo moja moja, na ngoma ilimshinda kwa muda wa mwaka mzima kabla hajaiacha. Lakini moyo haukutulia. Kwa miaka kadhaa aliyumba kati ya tumaini na hofu, mara akijiona amesamehewa, mara akijiona amekwisha kupotea milele. Siku moja, akiwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake maskini wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza juu ya furaha waliyokuwa nayo kwa Mungu. Yeye aliyejiona hodari wa maneno ya dini akatambua kwamba hajui wanalolisema. Wanawake hao ndio waliomwongoza hadi kwa mchungaji wao, John Gifford, na katika kanisa hilo dogo akapata wenzake wa njia.

Akaanza kuhubiri, na watu wakamsikiliza kwa kuwa alisema lugha yao. Mwaka 1658 mke wake alifariki, akamwachia watoto wanne. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth, msichana mwenye moyo wa ushujaa, kama itakavyoonekana.

Mwaka 1660 ufalme ulirudishwa Uingereza, na wakuu wa nchi wakaiona mikutano ya dini iliyo nje ya kanisa la dola kuwa kiota cha maasi. Tarehe 12 Novemba mwaka huo Bunyan alialikwa kuhubiri katika kijiji cha Lower Samsell. Aliambiwa mapema kwamba hati ya kumkamata imekwisha kutolewa. Marafiki walimsihi mkutano uvunjwe. Alitoka nje akatembea peke yake akifikiri, kisha akarudi na kuanza ibada. Alikamatwa mbele ya watu wake.

Mwezi Januari mwaka 1661 alihukumiwa kwa sheria ya mwaka 1593. Atafungwa miezi mitatu, na asipokubali kuacha kuhubiri, atafukuzwa nchini. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka. Neno moja tu la ahadi lingemrudisha kwa watoto wake. Hakulitamka, na miezi mitatu ikawa miaka 12.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana ushujaa wa mtu mmoja mara nyingi hulipwa na wengine. Wakati mumewe alipokamatwa, Elizabeth alikuwa mja mzito. Kwa mshtuko alishikwa na uchungu kabla ya wakati, na mtoto akafa. Hata hivyo bibi huyo alisafiri hadi London kupeleka ombi kwa mabwana wa Bunge. Mwezi Agosti mwaka 1661 alisimama mbele ya majaji mjini Bedford, akawaeleza kwamba ana watoto wadogo wanne asiowazaa yeye, mmoja wao kipofu, nao wanaishi kwa sadaka za watu. Jaji Matthew Hale alimhurumia, lakini sheria haikumpa njia. Elizabeth akarudi nyumbani na mumewe akabaki kifungoni.

Gerezani Bunyan alisuka kamba za viatu, maelfu kwa maelfu, ili ziuzwe na watoto wapate chakula. Mwanzoni mlinzi mmoja alimwachia atoke mara kwa mara, na mara moja alifika hata London, lakini habari zilipojulikana mlinzi nusura apoteze kazi na mlango ukafungwa barabara. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1666 juu ya maisha ya roho yake, hakuficha kwamba kutengana na jamaa yake kulimrarua moyo, na kwamba huyo kipofu ndiye aliyemwumiza kuliko wote. Aliwaza atakavyopata baridi, njaa na kupigwa duniani bila baba. Mary alifariki baba yake akiwa bado mfungwa.

Mwaka 1672 Mfalme Charles wa Pili alilegeza masharti ya dini, na Bunyan akatoka, akiwa amekwisha kuchaguliwa kuwa mchungaji wa kanisa la Bedford. Alifungwa tena kwa miezi michache katika mwaka 1676 na 1677. Kisha, mwaka 1678, kikatoka kile kitabu kinachojulikana kwetu kama safari ya msafiri. Wataalamu wengi waamini kwamba alianza kukiandika katika kifungo kile kirefu.

Kisa chake ni chepesi. Mtu aitwaye Mkristo, mwenye kitabu mkononi na mzigo mgongoni, anatoka Mji wa Maangamizi kuelekea Mji wa Mbinguni. Anazama katika tope la kuvunjika moyo, anapanda kilima cha taabu, anapigana na adui bondeni. Mzigo unamwanguka penye msalaba. Katika Gulio la Ubatili, ambako kila kitu huuzwa, vyeo na nafsi za watu pia, mwenzake aitwaye Mwaminifu anahukumiwa na kuuawa. Katika Ngome ya Shaka, Jitu la Kukata Tamaa linamfungia yeye na rafiki yake gizani, mpaka anapokumbuka kwamba siku zote kifuani mwake pana ufunguo uitwao Ahadi. Ndiyo kusema kwamba mfungwa wa Bedford alimwekea msafiri wake ufunguo ambao yeye mwenyewe hakuwa nao kwa mlango wa mbao na chuma.

Hii ndiyo nguvu ya kitabu. Njia yake ni ya moyo, lakini tope lake ni tope la kweli, na majaji wa gulio lile wana sauti za majaji wa kweli. Bunyan hakuiacha dunia ili aione roho. Aliichukua njia aliyoipita kwa miguu yake akaifanya ramani ya mambo yasiyoonekana. Kwa sababu hiyo hata asiye wa dini yake huifahamu safari hiyo.

Lakini kuna jambo katika mwanzo wa kisa ambalo halimwachi msomaji kwa amani. Msafiri anapoondoka, mkewe na watoto wake wanamlilia arudi, naye anaziba masikio yake akakimbia. Wengi wamemlaumu kwa ukatili huo. Tukijua maisha ya mtungaji, twaona kwamba hapo aligusa kidonda chake mwenyewe, naye hakukipaka dawa ya uongo.

Jibu lake alilitoa mwaka 1684, katika sehemu ya pili. Safari hii mke, Kristiana, anaondoka pamoja na wana wake wanne na msichana jirani aitwaye Huruma. Njia ni ile ile, lakini mwendo umebadilika. Wanakwenda polepole kwa sababu ya watoto, wanapumzika nyumba kwa nyumba, wanaongozwa na Moyo Mkuu, na njiani wanawapokea wazee, waoga na viwete. Ile Ngome ya Shaka, ambayo mwanzo iliwezekana kutorokwa tu, safari hii inabomolewa na jitu linauawa. Kisha ngoma inachezwa barabarani, naye kiwete mwenye gongo lake anacheza. Tukumbuke kwamba aliyeandika haya ndiye kijana aliyehangaika mwaka mzima kuiacha ngoma kwa hofu ya moto. Safari ya ndani ilikuwa imemfikisha mbali.

Kitabu hicho nacho kilisafiri. Kisiwani Madagascar kilifasiriwa katika miaka ya 1830, na waumini waliosakwa chini ya Malkia Ranavalona wa Kwanza walikinakili kwa mkono na kukificha. Kabla ya karne ya 19 kwisha kilikuwa kimefika katika Kiswahili, na hatimaye kikafasiriwa katika lugha 80 hivi za Afrika. Wala fasihi yetu haikukosa kuitambua njia hiyo ya safari na kifungo. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, Shaaban Robert alituonyesha wajumbe waliosafiri pande zote kuitafutia nchi yao heri, nao waliporudi wakatupwa gerezani. Kila mmoja aliandika kwa mazingira yake, lakini wote wawili walijua kwamba atokaye kwao akaona mapya ana deni la kusema, na kwamba kusema huwa na gharama.

Mwaka 1688 Bunyan alipanda farasi kwenda Reading kuwapatanisha baba na mwana waliogombana. Alifanikiwa. Akiwa njiani kuelekea London alinyeshewa mvua kubwa, akashikwa na homa, na tarehe 31 Agosti akafariki katika nyumba ya rafiki yake. Alizikwa Bunhill Fields. Mtu aliyetengwa na watoto wake kwa miaka 12 alikufa kwa safari ya kumrudisha mwana kwa baba yake. Safari hiyo hakuitungia kitabu, lakini aliimaliza.