Adrian Atiman, daktari aliyebaki Karema miaka 67

Ukitoka huku Ruaruke, Kibiti, unavuka nchi nzima ndipo ufike Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko ndiko alikoishi Adrian Atiman.

Hakuwa mtu wa Karema. Alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Mto Niger, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa utumwani. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kusomea udaktari.

Sasa fikiria: kijana Mwafrika mwenye elimu ile, zama zile. Angeweza kutafuta maisha mazuri mjini, na nani angemlaumu? Mtu aliyewahi kuwekewa bei kama mali, halafu mali yenyewe hakuikimbilia. Alikubali kutumwa Karema, awe katekista na daktari hapohapo. Alifika mwaka 1889, akaanza kutibu wagonjwa, kufanya upasuaji na kufundisha dini.

Alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akaja kuwa padri. Atiman mwenyewe hakuhama tena. Alifia Karema mwaka 1956.