Anna Thynne, mama aliyefuga matumbawe katikati ya London

Wakaaji wa Boga wanajua mto Semliki na Ziwa Albert, lakini bahari wengi wanaiona kwenye televisheni tu. Ndiyo maana matumbawe si neno la kila siku katika Ituri. Wanaosafiri mpaka Mombasa ao Zanzibar ndio wanaoyakuta: mawe meupe yenye matundu, ambayo nyumba nyingi za zamani za kule zimejengwa nayo. Kumbe mawe yale yametengenezwa na wanyama. Kila mnyama ni mdogo, laini, hana mifupa. Ana mdomo mmoja uliozungukwa na vidole vidogo vya kukamata chakula, na anajijengea kikombe cha chokaa akae ndani yake.

Mtu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuwaweka wanyama hao hai miaka kadhaa, mbali na bahari, ni mama mmoja wa Uingereza: Anna Thynne.

Anna alizaliwa mwaka wa 1806. Mwaka wa 1824 aliolewa na Lord John Thynne, ambaye alikuja kuwa mmoja wa mapadri wakubwa wa Westminster Abbey katika London. Wakristo wa Boga, ambako Kanisa la Anglikana liliingia na Apolo Kivebulaya mwaka wa 1896, watalitambua jina la kanisa lile: ndilo wafalme wa Uingereza wanatawazwa ndani yake. Nyumba ya Anna ilikuwa pale pembeni. Alikuwa na watoto wengi na wageni wengi. Masomo ya juu hakuyapata, kwani wakati ule hakuna université ya Uingereza iliyokubali wanawake. Lakini alipenda kuchunguza, kwanza mawe, kisha viumbe.

Mwaka wa 1846 alikuwa Torquay, mji wa kando ya bahari. Akaona matumbawe madogo ya bahari ya baridi, yale yanayoishi moja moja, kila moja na kikombe chake. Akataka kuyapeleka London, safari ya karibu kilomita 300. Shida ilikuwa hii: ndani ya mtungi yangegongana njiani na kufa. Basi akachukua sindano na uzi, akayashona juu ya sponji, akatia maji ya bahari, akasafiri. Yakafika yangali hai.

Sasa kazi yenyewe ikaanza. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila litre. Maji yakipungua kwa sababu ya joto na upepo, chumvi haiondoki pamoja nayo, inabaki na kuzidi ukali. Uchafu wa wanyama nao unaongezeka. Tena wanyama wanavuta oksijeni iliyo ndani ya maji mpaka inakwisha. Watu wanafikiri chombo kidogo ni rahisi kuliko kikubwa. Ni kinyume. Katika bahari kosa dogo linapotea, lakini katika beseni kosa hilohilo linaua wote usiku mmoja.

Kabla yake, John Graham Dalyell wa Edinburgh aliweka mnyama mmoja wa baharini ndani ya chupa tangu mwaka wa 1828, lakini bahari ilikuwa karibu na maji mapya yaliletwa kila mara. Katika London bahari iko mbali. Anna alibadilisha maji kila baada ya siku moja, na alipoona maji mapya yamepungua, akatafuta namna ya kuyatumia tena yale ya zamani. Yalimiminwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi, ili hewa iingie. Kazi hiyo haikuwa mchezo kwa mikono. Aliyeifanya ni msichana mtumishi wa nyumba.

Mwaka wa 1847 Anna akaongeza mwani, yaani majani ya baharini. Majani hayo yakipata mwangaza yanatoa oksijeni, nao wanyama wanaivuta. Hivi maji yakaanza kujitunza, na hakukuwa tena na lazima ya kuyabadilisha kila mara. Matumbawe yakaishi miaka hata yakazaa, naye akafuata kuzaliana kwao hatua kwa hatua. Mwaka wa 1859 maandishi yake yalichapishwa katika jarida la elimu ya viumbe, pamoja na maelezo ya Philip Henry Gosse.

Gosse ndiye aliyepata sifa kubwa. Akwariamu ya kwanza ya watu wote ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka wa 1853, na mwaka wa 1854 kitabu cha Gosse juu ya akwariamu kikauzwa sana. Watu wakashuka pwani na ndoo na patasi, kila mmoja akitaka bahari yake ya nyumbani. Miaka iliyofuata, mwana wa Gosse aliandika kwa huzuni kwamba miamba ile iliyojaa viumbe ilibaki mitupu. Jambo hilo wavuvi wa Ziwa Albert hawahitaji kuelezwa: kila mtu akichukua na hakuna anayeacha, maji yanabaki maji tu.

Anna alifariki mwaka wa 1866. Leo wenye akwariamu ndogo za matumbawe wanatumia pampu ya umeme ili maji yazunguke na kupata hewa. Pampu inafanya kazi ileile iliyofanywa mbele ya dirisha la London. Jina la Anna limebaki katika historia, na la Gosse pia. La yule msichana hakuna aliyeliandika.